Kipimo Kipi Kianze? Ulinganisho wa Vipimo vya Protini Zisizo za Kawaida katika Damu

Tuchukue karatasi ya majibu ya vipimo vya ini ambayo ingeweza kutoka katika maabara yoyote ya Kisumu au Nakuru: protini jumla ni gramu 98 kwa lita, na albumini ni gramu 31 kwa lita. Mwenye karatasi ana umri wa miaka 60 hivi, mgongo umemuuma kwa miezi kadhaa, na damu yake imepungua bila sababu inayojulikana. Ukiondoa albumini katika protini jumla unabaki na gramu 67 za globulini, ilhali mtu mwenye afya huwa na gramu 20 hadi 35 tu. Ziada hiyo lazima ipatiwe maelezo, na hapo ndipo mgonjwa na jamaa zake wanapokabiliwa na orodha ya vipimo vyenye majina yanayokaribiana na bei zinazotofautiana sana, ambavyo baadhi yake havifanywi katika mji wanamoishi.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Kwa mgonjwa wa magharibi mwa Kenya au wa Bonde la Ufa, elektroforesisi ya protini za seramu ndiyo inayostahili kulipiwa kwanza baada ya vipimo vya kawaida. Imunofiksesheni ifuate mara tu inapoonekana alama ya kutiliwa shaka. Kipimo cha minyororo myepesi kisiachwe figo zinapokuwa zimeanza kudhoofika, au dalili zinapokuwa nzito ingawa elektroforesisi haikuonyesha kitu.

Kinachotafutwa

Sehemu kubwa ya globulini zinazohusika hapa ni kingamwili, ambazo hutengenezwa na seli za plazima ndani ya uboho wa mifupa. Mwili unapopambana na maambukizi, koo nyingi tofauti za seli hizo hufanya kazi kwa pamoja, kila ukoo ukitoa kingamwili yake, na jumla yake ikapanda. Katika mieloma, yaani saratani ya seli za plazima, na magonjwa yaliyo jamaa yake, ukoo mmoja tu huzaana kupita kiasi na kumwaga katika damu protini ya aina moja, ambayo wataalamu huiita protini M. Vipimo vyote tunavyovilinganisha hapa vinajaribu, kila kimoja kwa njia yake, kutambua kama wingi wa protini umetokana na koo nyingi au na ukoo mmoja.

Ni muhimu kusema tangu sasa kwamba protini M si lazima iwe saratani. Mwaka 1978 Robert Kyle wa Mayo Clinic nchini Marekani alieleza hali ya kuwa na kiasi kidogo cha protini hiyo bila ugonjwa, nayo hujulikana kwa herufi MGUS. Katika hali hiyo protini M huwa chini ya gramu 30 kwa lita, seli za plazima katika uboho hazifiki asilimia 10, wala hakuna madhara yaliyotokana nayo katika mifupa, figo, kiwango cha damu au kalsiamu. Utafiti wa kaunti ya Olmsted katika jimbo la Minnesota, uliochapishwa mwaka 2006, uliikuta hali hiyo kwa asilimia 3.2 ya watu wenye miaka 50 na zaidi, na uchunguzi wa wanaume wa Ghana wenye miaka 50 hadi 74 uliikuta kwa karibu asilimia 6. Kati ya watu 100 walio nayo, takriban mmoja kwa mwaka ndiye anayeingia katika ugonjwa kamili. Anayepewa jibu la kuwa na protini M anastahili kuelezwa hayo siku hiyohiyo, kabla hajarudi nyumbani na hofu ya kifo.

Protini jumla na albumini: rahisi, lakini haitofautishi

Kipimo hiki hupatikana karibu kila mahali, huja pamoja na vipimo vya ini, na gharama yake ni ndogo kuliko vingine vyote. Kazi yake ni kuamsha shaka. Globulini zikizidi gramu 40 kwa lita, daktari makini hawezi kuigeuza karatasi na kuendelea na mengine.

Kasoro yake ni kubwa zaidi kwetu kuliko ilivyo Ulaya. Katika kaunti zinazozunguka Ziwa Victoria, malaria haiondoki mwaka mzima na maambukizi ya virusi vya UKIMWI ni mengi kuliko sehemu nyingine za Kenya. Juu ya hayo kuna kifua kikuu na magonjwa ya ini yanayotokana na homa ya ini ya aina ya B. Kwa mtu wa Nakuru mwenye jamaa au mifugo Baringo, lazima pia kukumbuka kala-azari, ambayo hupandisha globulini kupita kiasi. Magonjwa haya yote huongeza kingamwili za koo nyingi, na tarakimu ya globulini peke yake haiwezi kuyatenga na mieloma.

Kwa upande wa pili, kuna wagonjwa wa mieloma ambao protini jumla yao ni ya kawaida kabisa, au hata iko chini. Hawa ni wale ambao seli zao hutoa minyororo myepesi tu, vipande vidogo vya kingamwili ambavyo figo huvichuja kwenda kwenye mkojo kabla havijarundikana katika damu. Kwa hiyo protini jumla iliyo sawa haimwondolei shaka mtu mwenye maumivu ya mifupa, upungufu wa damu na kreatinini inayopanda, ambayo ni dalili ya figo kudhoofika.

Elektroforesisi ya protini za seramu

Hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito mkubwa, na inafaa kueleza kinavyofanya kazi. Arne Tiselius wa Uswidi alionyesha katika miaka ya 1930 jinsi protini za seramu zinavyoweza kutenganishwa kwa nguvu ya umeme, na mwaka 1948 akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia. Siku hizi seramu huwekwa juu ya jeli ya agarosi au hupitishwa ndani ya mrija mwembamba sana, umeme ukawashwa, na protini zikasafiri kwa kasi tofauti. Zinapotulia hujipanga katika maeneo matano: albumini, alfa 1, alfa 2, beta na gama. Mashine huchora mchoro wa vilima vitano, na kingamwili nyingi huangukia eneo la gama.

Mgonjwa mwenye maambukizi ya muda mrefu huonyesha gama iliyoinuka kwa upana, yenye mteremko wa taratibu pande zote mbili. Mgonjwa mwenye protini M huonyesha kilele chembamba kilichochongoka, kinachosimama juu ya eneo lililo chini kama mawe ya Kit Mikayi yanavyosimama juu ya uwanda wa Seme. Tofauti hiyo huonekana kwa macho, na ndiyo inayoifanya elektroforesisi kuwa na thamani ya pekee katika eneo lenye maambukizi mengi. Mtu aliyebeba globulini za gramu 67 anaweza kujua kwa kipimo kimoja kama anapaswa kutafutiwa kala-azari na ugonjwa wa ini, au kupelekwa kwa daktari bingwa wa damu. Hata hivyo, mgonjwa wa UKIMWI anaweza kuonyesha mistari miwili au mitatu midogo juu ya gama pana, na mistari hiyo haipaswi kuharakishwa kuitwa mieloma.

Faida ya pili ni kwamba kipimo hiki hutoa kiasi. Kilele kikipatikana, maabara hupima eneo lake na kutaja gramu za protini M kwa lita, na tarakimu hiyo ndiyo itakayofuatwa matibabu yakianza. Faida ya tatu, ambayo wagonjwa hawaambiwi mara nyingi, ni kwamba mchoro mmoja hueleza mengi zaidi ya protini M. Ini lililosinyaa huunganisha beta na gama pasiwe na bonde kati yake. Figo zinazovuja protini hushusha albumini na kuinua alfa 2. Eneo la alfa 1 likikosekana, hilo ni dokezo la upungufu wa alfa 1 antitripsini, na ndivyo upungufu huo ulivyogunduliwa nchini Uswidi mwaka 1963.

Mipaka yake nayo ni halisi. Katika uchambuzi wa Mayo Clinic wa wagonjwa 1,027 wa mieloma, uliochapishwa mwaka 2003, elektroforesisi ya seramu peke yake iliona protini M kwa asilimia 82. Imunofiksesheni ilifikisha asilimia 93, na mkojo ulipoongezwa ikawa asilimia 97. Protini M ndogo hupotea ndani ya gama, na ile ya kingamwili za aina ya IgA mara nyingi hujificha katika eneo la beta, ambako mtazamaji asiye makini huiona kuwa ni sehemu ya vilima vya kawaida.

Kuna pia makosa yanayotokea kabla damu haijafika kwenye mashine. Kipimo hiki kinahitaji seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikiachwa igande katika chupa ya kifuniko chekundu au cha manjano. Ikichukuliwa katika chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, fibrinojeni hubaki ndani na kuchora mstari kati ya beta na gama unaofanana kabisa na protini M. Damu iliyopasuka seli wakati wa kuchotwa nayo huleta mstari wa uongo kati ya alfa 2 na beta.

Kosa la kwetu hasa linatokana na ugonjwa wa selimundu. Kwa kuwa ugonjwa huo ni mwingi Nyanza na Magharibi, maabara za huko zimezoea maombi ya elektroforesisi ya himoglobini, ambayo huchunguza kilichomo ndani ya chembe nyekundu na hutumia damu nzima katika chupa ya kifuniko cha zambarau. Fomu iliyoandikwa neno elektroforesisi pekee inaweza kumrudishia mzee wa miaka 60 jibu lisemalo kwamba himoglobini yake ni AA, jibu sahihi kwa swali ambalo hakuna aliyeliuliza, naye akawa amelipa na kungoja bure. Fomu itaje wazi protini za seramu, au iandikwe SPEP, herufi ambazo kila mtaalamu wa maabara anazifahamu.

Imunofiksesheni

Baada ya protini kutenganishwa kwa umeme, kila njia ya jeli humwagiwa kingamwili inayotambua kitu kimoja: IgG, IgA au IgM, ambazo ni aina za kingamwili, ama kapa au lamda, ambazo ni aina mbili za minyororo myepesi. Mstari mwembamba ukitokea katika njia ya IgG na pia katika njia ya kapa, mgonjwa ana protini M ya IgG kapa. Kipimo hiki huona kiasi kidogo kuliko elektroforesisi, na kinathibitisha kwamba kilele kilichoonekana ni protini ya ukoo mmoja, wala si fibrinojeni au kitu kingine.

Aina inayotajwa hubadilisha njia ya uchunguzi. IgM humwelekeza daktari kwenye ugonjwa wa Waldenström, aina nyingine ya saratani ya damu, badala ya mieloma; ugonjwa huo huzidisha uzito wa damu na kuleta ukungu wa macho na kutokwa damu puani. Lamda yenye kiasi kidogo kwa mtu mwenye moyo uliokakamaa, miguu iliyovimba na protini nyingi katika mkojo huleta swali la amiloidosisi, ugonjwa ambao protini hizo hujikusanya katika viungo na kuviharibu.

Imunofiksesheni haipimi kiasi. Jibu lake ni kuwapo au kutokuwapo, pamoja na aina. Kuirudia kila mwezi wakati kilele bado kinaonekana wazi katika elektroforesisi ni kupoteza fedha, na ningemshauri jamaa anayebeba gharama aulize sababu kabla ya kulipa. Inarudi kuwa ya lazima pale kilele kinapotoweka kwa matibabu, kwa sababu ugonjwa hauhesabiwi kuwa umeitika kikamilifu mpaka imunofiksesheni nayo iwe safi.

Minyororo myepesi iliyo huru

Kipimo hiki kilienea tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, nacho hupima kapa na lamda ambazo hazikuunganishwa na kingamwili nzima. Kwa vitendanishi vilivyotangulia sokoni, kapa ya kawaida ni miligramu 3.3 hadi 19.4 kwa lita, lamda ni miligramu 5.7 hadi 26.3, na uwiano wa kapa kwa lamda ni 0.26 hadi 1.65. Uwiano ndio unaobeba maana kuu. Maambukizi huinua zote mbili kwa pamoja na kwa kawaida huuacha uwiano karibu na ulipokuwa, lakini ukoo mmoja wa seli huinua upande mmoja na kuuvuruga.

Nguvu yake iko mahali ambapo elektroforesisi ni dhaifu: mieloma ya minyororo myepesi pekee, ambayo ilikuwa asilimia 20 ya wale wagonjwa 1,027, mieloma isiyotoa protini nyingi, na amiloidosisi. Tena minyororo hii huondoka katika damu kwa saa chache, ilhali IgG hukaa takriban wiki tatu kabla ya kupungua kwa nusu, na kwa hiyo kipimo hiki huonyesha mapema kama dawa inafanya kazi. Tangu mwaka 2014, mwongozo wa kimataifa wa mieloma unahesabu uwiano wa 100 na zaidi baina ya mnyororo uliozidi na mwenzake, ikiwa ule uliozidi umefika miligramu 100 kwa lita na uboho una asilimia 10 au zaidi za seli za ukoo huo, kuwa sababu ya kutosha ya kuanza matibabu hata kabla mifupa haijaharibika.

Tahadhari ya kwanza inahusu figo. Figo ndizo zinazoondoa minyororo hii, na zikidhoofika, uwiano hupanda hata bila ugonjwa wa damu; kwa mgonjwa wa namna hiyo mpaka wa juu huchukuliwa kuwa 3.1. Uwiano wa 2.4 kwa mtu mwenye kreatinini iliyopanda si uthibitisho wa saratani, na nasisitiza jambo hili kwa sababu karatasi ya maabara hulichapa jibu hilo kwa alama ya hatari bila maelezo. Tahadhari ya pili ni kwamba vitendanishi vya watengenezaji tofauti havitoi tarakimu zinazolingana. Aliyeanza katika maabara moja abaki humo, la sivyo kupanda kwa tarakimu kunaweza kuwa ni mabadiliko ya mashine tu.

Kati ya vipimo vyote hapa, hiki mara nyingi ndicho ghali zaidi, na maabara nyingi za Kisumu na Nakuru huchota damu na kuituma kwingine. Safari yenyewe haiharibu jibu ikiwa seramu imetengwa mapema na kuwekwa katika ubaridi.

Mkojo

Minyororo myepesi inayopita kwenye mkojo huitwa protini ya Bence Jones; Henry Bence Jones aliieleza huko London katika miaka ya 1840, na bado jina lake limo katika fomu. Utepe wa kuchovya hutambua hasa albumini na huikosa minyororo myepesi, kwa hiyo utepe safi haumtoshi mgonjwa wa aina hii. Mkojo wa saa 24 ni wa taabu kuukusanya, na tangu mwaka 2009 mwongozo wa kimataifa unakubali kwamba katika hatua ya kutafuta ugonjwa, minyororo myepesi ya seramu inaweza kuchukua nafasi yake, isipokuwa pale amiloidosisi inaposhukiwa.

Kuchagua kulingana na mgonjwa

Kwa mtu mwenye globulini nyingi, homa za mara kwa mara na bandama iliyovimba, ningeanza na elektroforesisi peke yake sambamba na vipimo vya UKIMWI, malaria, ini na kala-azari. Gama ikiwa pana, hakuna haja ya kuendelea na vipimo vya gharama kubwa vya protini.

Kwa mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha, upungufu wa damu na kreatinini au kalsiamu iliyopanda, ningeomba elektroforesisi, imunofiksesheni na minyororo myepesi kwa mchoto mmoja wa damu. Kwake yeye kuokoa fedha kwa kupima kimoja kimoja kunaweza kumgharimu figo, na wagonjwa wa namna hii wamewahi kutibiwa kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miezi mingi. Wakati majibu yanangojwa, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, kwa sababu huziumiza zaidi figo ambazo tayari zinapambana na minyororo hiyo.

Kwa mtu mwenye afya anayetaka uchunguzi wa jumla, sioni sababu ya kumuuzia kipimo chochote kati ya hivi. Hakuna mwongozo wa kawaida unaoagiza watu wasio na dalili wapimwe, na MGUS ndogo iliyogunduliwa bila kutafutwa huleta miaka ya wasiwasi kwa manufaa machache.

Majibu yakithibitisha protini M yenye dalili, vipimo vya damu havitoshi tena: uboho lazima uchunguzwe na mifupa ipigwe picha. Kwa watu wa Kisumu, Kakamega, Bungoma na Kericho, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, pamoja na kituo chake cha Chandaria cha saratani na magonjwa sugu, ndiyo rufaa inayofahamika. Rufaa ya kwanza kwa wengi wa Nyanza ni Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wa Kisumu bado huiita Russia. Wa Nakuru huchagua baina ya Eldoret na Nairobi kulingana na walipo jamaa wa kuwapokea. Kabla ya safari, inafaa kuuliza kwa simu ni vipimo vipi vinavyofanywa papo hapo, ni vipi vinavyotumwa, na ni kipi kinachobebwa na bima ya SHA. Mgonjwa aende na karatasi zote za zamani, na hasa mchoro wenyewe wa elektroforesisi badala ya tarakimu peke yake, maana daktari bingwa huusoma mchoro kwa macho yake, na bila huo kuna uwezekano mkubwa wa kuagizwa kulipia kipimo kilekile mara ya pili.